Fundi, Nimekosa Jiwe Taita Nzima

Fundi Mwakio,

Nimekasirika. Afadhali nianze na hilo, usije ukadhani nimekaa hapa kukuandikia maneno matamu. Miezi minane tangu tukuzike kule Wundanyi, na miezi yote hiyo nimekuwa nikizunguka kutafuta jiwe. Jiwe, Fundi! Taita nzima ni mawe. Ukitoka mlangoni unajikwaa kwenye jiwe, ukishika jembe unagonga jiwe, na milima yenyewe ni mawe tu yaliyofunikwa majani kidogo. Halafu mimi, Mghoi, uliyenifundisha kazi ya ngozi miaka kumi na mmoja, nikose jiwe moja bapa la kuweka mezani nipigie ngozi!

Na usianze kuuliza lile lako liko wapi. Liko juu yako.

Wacha nikueleze ilivyokuwa. Kamati ya mazishi ilikaa uani kwako, chini ya turubai. Mdogo wako Nyambu akasimama akasema kaburi limepangwa vizuri, ila upande wa kichwa hakuna kitu, ni saruji tupu, na mambo ya kununua jiwe la kuandikwa jina hayawezekani kwa sasa. Mimi ndiyo nilikuwa natoka jikoni na birika la chai, macho yamevimba, kamasi mpaka kidevuni. Mdomo ukajifungukia wenyewe. Nikasema, "Si muweke jiwe lake la kazi?"

Walipiga makofi, Fundi. Katekista akasema hilo wazo limetoka juu. Mkeo, Mama Mshai, akanikumbatia na birika langu. Kesho yake jiwe likabebwa na pikapu kutoka hapa kibandani Voi, likapanda mlima, na yule mwashi ambaye choo cha shule alichojenga kilianguka kabla hakijatumika, safari hiyo akakoroga saruji ya kweli. Nilikuja wakati wa Pasaka nikaangalia. Hata kucha haipiti. Na Mama Mshai hulipangusa kila Jumapili akitoka kanisani. Sasa ningeanzaje kumwambia, samahani mama, nimebadilisha mawazo, naomba nikung'olee kaburi? Mtu anayelia hafai kuruhusiwa kusema kwenye mkutano. Wangeninyamazisha tu.

Lakini na wewe una makosa yako, usijifiche huko. Mara ngapi nilikuuliza lile jiwe ulilitoa wapi? Ulikuwa unaendelea kupaka uzi nta bila hata kuniangalia, unasema, "Lilikuja." Lilikuja! Lilikuja na nini, kwa miguu? Ulinifundisha kuligonga kwa sarafu, nisikilize: likilia kama kengele ni zima, likilia kama ubao lina ufa ndani. Ulinifundisha kulifuta kwa kitambaa kikavu kila asubuhi. Ulinikataza kuweka kikombe cha chai juu yake, na siku niliyoweka ukaninunia hadi jioni. Ila pa kupata lingine, kimya.

Mwanzoni nilidhani nitajipanga. Unajua si kila kazi inataka jiwe. Kushona nilishona, kukata nilikata kwenye ubao. Mambo yakaharibika kwenye nakshi. Nikilowesha ngozi, nikiweka muhuri, nikipiga nyundo, meza ya mbao inaruka. Inanyonya nusu ya pigo. Alama inatoka imefifia, upande mmoja imezama, upande mwingine imegusa tu. Nikaweka gogo la mwarobaini chini, afadhali kidogo, lakini bado. Nikaenda kwa watu wa kuchomelea nikaleta kipande cha chuma kinene. Kikawa kinalia kila nikigonga hadi Mama Chao wa viatu vya mitumba, jirani yetu, akaja kuniuliza kama nimefungua kanisa. Nikakoroga saruji mwenyewe ndani ya sanduku la mbao. Siku ya tatu ikapasuka katikati, na ule mchanga wake ukaingia kwenye ngozi nzuri nikaitupa. Nililia kwa ajili ya ile ngozi kuliko nilivyolia Pasaka.

Sasa, yule meneja wa ranchi ya upande wa Maungu, yule mama mrefu asiyependa porojo. Unakumbuka mishipi ya askari wake, ile ya nakshi ya majani ya mkonge? Ndiye mteja mkubwa pekee aliyebaki. Wengine walikuja mazishini wakala pilau, wakaenda zao kwa mafundi wengine. Yeye alirudi. Nikamtengenezea mshipi mmoja wa mfano. Akaupitishia dole gumba, akafumba macho, akaupitishia tena. Akasema, "Mghoi, ya mzee ilikuwa unaisoma hata gizani." Akanipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nisipoweza atapeleka kazi Nairobi.

Na ndugu yangu wa Mombasa alishanitafutia nafasi kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. Chumba pia. Alikuwa ananipigia kila Ijumaa, "Unakuja lini?" Nilijua mishipi ile ikikataliwa, nafunga kibanda, namrudishia mwenye nyumba ufunguo, naenda kuuza misumari na mabomba. Hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Kwa hiyo nikaanza kutafuta jiwe kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Nilianzia kwa wale wauza mawe ya kutandika juu ya meza za jikoni, huko barabarani. Duka lina kiyoyozi. Muuzaji amefunga tai, akaniuliza, "Jikoni mwako kona ziko ngapi?" Nikamwambia si la jikoni, nataka kipande cha ukubwa wa sinia, kiwe kizito, kiwe kimenyooka. Akasema wanauza bamba zima. Vipande je, vinavyobaki wakikata? Akasema vipande vinatupwa. Fundi, vinatupwa! Nilizunguka nyuma nikaviona kwa macho yangu, vyeusi, vya kijivu, vimerundikwa na makopo ya rangi. Nikamwambia basi nipe kimoja. Ati hawezi, ni mali ya kampuni, mpaka ofisi kuu iandikiwe barua pepe. Nikaandika. Wakanijibu kwa kunitumia picha za majiko.

Nikapanda Wundanyi nikatafuta mtoni. Nikapata moja, bapa, zuri, la kubebwa na watu wawili. Nikaomba nafasi kwenye gari la kabichi. Nikaliweka mezani nikifurahi, nikapiga nyundo mara nne. Likaanza kubanduka tabaka tabaka, kama chapati. Na vile vipande vyake vinavyong'aa vikashika kwenye ngozi. Nilipata mshipi unaometameta, wa kuvaliwa na kwaya.

Kosa kubwa lakini nililifanya mwenyewe. Nilimwambia Mama Chao. Wewe si unamjua? Kabla wiki haijaisha Voi nzima inajua Mghoi wa marehemu Mwakio anatafuta jiwe. Na kwa sababu watu walikupenda, Fundi, kila mmoja akaniletea lake. Jamani. Utamkataa nani? Dereva wa trela uliyemshonea kiti akapita kutoka pwani, akashusha bamba la jiwe la matumbawe lenye matundu kama sifongo, laini, ukilikwaruza linatoa unga. Alikuwa anatabasamu hadi jino la mwisho. Nikashukuru. Mzee wa kanisa akaleta lake akaliombea kabisa, nimefumba macho, nikiyafumbua ni kipande cha nguzo ya ua. Akina mama wawili wakasafiri kutoka Mata, huko karibu na mpaka, wamebeba jiwe la kusagia la mama mkwe wao. Limechimbika katikati unaweza kuogeshea mtoto. Wakanywa chai, wakanihadithia ulivyowatengenezea mikoba ya harusi, wakakusifu hadi jua linashuka. Kila aliyeleta jiwe alileta na hadithi yako. Mimi namimina chai, nasema ndiyo, alikuwa hivyo, alikuwa hivyo.

Mawe kumi na matatu barazani. Wateja wanaruka kama mbuzi kuingia. Askari wa kaunti akapita akaniuliza kibali cha ujenzi kiko wapi. Hata moja halikufaa, na siwezi kutupa hata moja, maana mwenyewe atapita kesho aangalie kama lipo.

Zikabaki wiki mbili. Ndiyo nikaenda kwa Mutua.

Mutua unamkumbuka, yule Mkamba anayechonga mawe ya makaburi nyuma ya kituo cha mafuta. Sikuwa nimemfikiria kwa sababu sikutaka kuona makaburi tena. Nimefika nakuta ameegemeza ukutani bamba jeusi, zito, limesuguliwa pande zote mbili hadi unajiona uso. Kona moja imevunjika. Limechongwa maneno matatu, Pumzika Kwa Amani, basi. Alikuwa anajiandaa kuchonga jina ndipo kona ikakatika, na familia ikakataa ikasema limeanza vibaya, watengenezewe lingine. Mutua alikuwa amekasirika kunishinda. Ati kila mteja akiingia anaanza kuona lile, anauliza kama huwa anayavunja yote.

Nikatoa sarafu nikagonga. Likalia. Nikagonga upande wa pili, likalia vilevile. Nikagonga mara ya tatu kwa raha tu. Mutua akaniangalia akasema, "Uliutoa kwa mzee huo ushamba." Tukapatana nimshonee aproni ya ngozi ya kazi, nami nibebe jiwe, liondoke machoni pake.

Nikamwita Baba Zawadi na mkokoteni wake. Nikamwambia alifunike gunia. Ati gunia lina vitunguu. Nikamwambia basi liweke maneno yaangalie chini. Ati lilivyoegemea ukuta ndivyo litakavyolala, tukiligeuza si tutavunja kona nyingine? Alikuwa na haki. Likapanda mkokoteni, maneno juu, na ilikuwa siku ya soko.

Sijui kama unaona vizuri ulipo, kwa hiyo nitakuchorea. Baba Zawadi mbele anavuta, mimi nyuma nimeshika jiwe lisiteleze, nimejifunga leso kichwani kwa sababu ya vumbi. Mchoma mahindi akavua kofia. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki. Wale wa nyanya, ambao hawajawahi kunyamaza tangu Voi ianze, wakanyamaza. Mmoja akasema, "Pole, mama." Nikamwambia, "Pole ya nini? Hii ni meza." Akanitazama kwa huruma, akamgeukia mwenzake akatikisa kichwa. Kumbe nikikataa ndiyo wanaona nimechanganyikiwa! Kila nikieleza ni la kupigia ngozi, wanazidi kunionea huruma. Mwanamke nisiyemjua kabisa akaacha kikapu chake akanishika mkono, akatembea nami, ananiambia, "Usijikaze, dada. Usijikaze." Nilikuwa nachemka. Nilitamani kumsukuma.

Karibu na reli gurudumu likazama kwenye mchanga. Wanaume wakaja bila kuitwa, kama sita, wakasukuma polepole, bila kelele, vile watu husukuma wakijua wanachosukuma. Mkokoteni ukatoka. Mzee mmoja akavua kofia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani, mama?"

Nilifungua mdomo nimwambie hakuna mtu, ni jiwe la kazi, nimeeleza tangu kule kituoni, mbona hamsikii. Nikasikia nasema, "Ni fundi wangu."

"Pole sana," akasema. Na wote wakasema pole. Na yule mwanamke akasema pole.

Nikalia, Fundi. Katikati ya barabara, na leso yangu ya vumbi. Nililia hadi Baba Zawadi akakaa chini kusubiri. Maana nitakwambia jambo, na silisemi kumlaumu mtu. Kwenye mazishi yako hakuna aliyeniambia pole. Pole walipewa Mama Mshai, na watoto, na Nyambu, na binamu zako wa Taveta ambao hawakuwahi kukutembelea. Karatasi ya ibada imewaandika wote, na wajukuu. Mimi niko ukurasa wa nyuma, kamati ya chakula. Miaka kumi na mmoja nimekaa karibu nawe, nikinyoosha mkono nakupa sindano bila kuambiwa, na siku tunakuzika maneno niliyoambiwa ni, "Mghoi, sukari imeisha." Na wote waliokuja na mawe, walikuja kunihadithia mimi walivyokupoteza wao. Nikamimina chai.

Basi siku hiyo nilizipokea zote. Kutoka reli hadi kibandani, kila aliyesema pole nikamwambia asante. Sikueleza tena habari ya meza. Mwanamke yule alinifikisha hadi mlangoni, akaniachia mkono, akarudi kutafuta kikapu chake. Sikumuuliza hata jina.

Mama Chao alipoona akaapa jiwe la kaburi halitakaa karibu na viatu vyake, wateja watakimbia. Tulibishana. Tukaligeuza maneno yakaangalia chini, juu ya mchanga uliochekechwa, akazunguka meza mara tatu akikagua kama daktari wa ng'ombe, akasema haya, lakini nikiota ndoto mbaya utanisikia. Ile kona iliyovunjika ndipo ninapowekea nyundo.

Nikalowesha ngozi. Nikaweka muhuri wa jani la mkonge. Nikapiga. Jiwe halikuruka hata kidogo. Pigo lote likaingia kwenye ngozi, jani likatoka na mistari yake yote. Nikapitisha dole gumba. Nikafumba macho nikapitisha tena. Nilifanya kazi hadi mkono ukafa ganzi, na nilitukana kidogo, kwa furaha, na usijali, Mama Chao hakusikia.

Meneja alikuja siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Unamjua, hasifii kitu. Alichukua mshipi wa katikati ya rundo, si wa juu, akafumba macho. Akaupitishia dole gumba mwanzo hadi mwisho. Halafu akaupeleka kwenye gari pamoja na mingine, akarudi akaniuliza kama naweza kumtengenezea kamba za mbwa wao wa doria. Nikamwambia naweza. Ijumaa ndugu yangu alipopiga nilimwambia kile chumba ampe mtu mwingine.

Sasa ndiyo nimetulia kidogo, naweza kukuaga vizuri. Mama Mshai anataka kufanya ibada ya kumbukumbu yako ukitimiza mwaka. Nyambu ameshaunda kamati, unamjua hawezi kukaa bila kamati, na juzi alinipigia kunijulisha nimewekwa kwenye chakula. Nikamwambia hapana. Nikamwambia nitakuja, lakini sipiki. Nitakaa mbele, pamoja na wafiwa. Nyambu akasema taratibu, "Sawa, Mghoi. Nitakuwekea kiti karibu na Mama."

Kwa hiyo lala sasa, Fundi. Hasira imenitoka, au nyingi yake. Nakuahidi kibanda hakifungwi nikiwa na mikono. Na nakuahidi siku hiyo nitakaa kwenye kile kiti hadi ibada iishe, na mtu akipita na chai, sitasimama kumsaidia. Nitapokea kikombe.

Mghoi,
fundi wa ngozi, Voi